Mpira wa Chini ya Gongo

Tukisimulia habari za magongo huwa tunaanzia juu, kwapani na mikononi. Mimi naanzia chini, gongo linapogusa ardhi, maana hapo ndipo anguko linapoanzia.

Zamani gongo lilikuwa mti mtupu, au mti wenye ncha ya chuma. Kwenye tope lilizama, kwenye sakafu yenye maji liliteleza. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza Marekani ya kupika mpira pamoja na salfa, ukawa haulainiki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Mpira wa namna hiyo ndio ukaja kuvalishwa magongo. Umbo lake ni kama kikombe kidogo: kitako kipana kinagawa uzito, mifereji inashika sakafu, na washa ya chuma ndani inazuia bomba lisiutoboe.

Shida ni kwamba unalika. Gongo hudumu miaka, mpira hauna umri huo.

Miaka ya 1960 daktari wa mifupa Ronald Huckstep, wa hospitali ya Mulago, Kampala, alishughulika na watoto walioachwa na polio wakitambaa. Alisisitiza vifaa rahisi, vya bei nafuu, vinavyotengenezwa hapahapa. Mwaka 1987 David Werner, kwa uzoefu wa vijiji vya Meksiko, alichapisha kitabu kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, na humo kuna magongo yaliyofungwa vipande vya tairi kuukuu.

Tunduma tairi kuukuu si kitu cha kutafuta. Malori yanapanga foleni kwenda Nakonde, na mafundi wa katambuga wapo. Mzee mmoja aliniambia, "Magongo nilipewa bure, mwanangu. Mipira ndiyo inanisumbua." Ya kiwandani ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Fundi akakata duara la tairi, akalipigilia kwenye gongo la mbao, kichwa cha msumari akakizamisha ndani ya mpira kisiguse lami.

Kwenye tope la masika linafaa. Kwenye marumaru yenye maji, hapana: tairi ni gumu mno, halishiki. Kwa hiyo anayegawa magongo Songwe, kila jozi aambatanishe na mipira ya akiba. Bila hiyo amempa mtu nusu ya kifaa.