Nani Mwenye Ufunguo wa Ukumbi?

Tunaposikia habari za tamasha la filamu, wengi wetu hufikiria mambo matatu: filamu zenyewe, wachezaji maarufu wanaopigwa picha mlangoni, na zawadi inayotolewa siku ya mwisho. Magazeti nayo hutuandikia hayo hayo, nani kashinda na nani kavaa nini. Lakini yako matamasha ambayo kazi yake kubwa hufanyika mchana, kabla taa za ukumbi hazijazimwa, watu wakiwa wamekaa mezani wanabishana. Leo nataka tutazame historia ya mabishano hayo katika tamasha moja la hapa kwetu Afrika, tamasha la Ouagadougou, ambalo kwa kifupi huitwa FESPACO. Nataka tujiulize: maneno yale yalizaa nini?

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika makoloni ya Ufaransa palikuwa na amri ya mwaka 1934, iliyotolewa na Waziri wa Makoloni, Pierre Laval. Amri hiyo ilimtaka kila anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kwanza kibali cha watawala. Haikusema kwamba Mwafrika asishike kamera, wala haikuwa na haja ya kusema. Ilitosha kwamba kibali kilikuwa mfukoni mwa mtawala. Ndiyo maana Paulin Vieyra na wenzake, walipotengeneza filamu yao ya kwanza mwaka 1955, waliitengeneza Paris, ikihusu maisha ya Waafrika waliokuwa huko huko Paris. Kwao wenyewe hawakupata ruhusa.

Uhuru ukaja mwaka 1960. Mlango wa kwanza ukafunguka, lakini wa pili ukabaki umefungwa. Biashara ya kuleta na kusambaza filamu katika nchi hizo ilikuwa mikononi mwa makampuni mawili ya kigeni, COMACICO na SECMA, ambayo pia yalimiliki sehemu kubwa ya majumba ya sinema. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi na kwenda Moscow kusomea filamu, alitoa filamu fupi ya Borom Sarret mwaka 1963. Mwaka 1966 akatoa La Noire de..., ambayo ilipata zawadi kuu katika tamasha la kwanza la Carthage kule Tunisia, tamasha lililoanzishwa na Tahar Cheriaa. Heshima ilipatikana. Lakini heshima ni jambo moja, na kuonekana na watu wako ni jambo jingine. Mwenye jumba la sinema alileta filamu za Marekani, Ufaransa na India kwa bei nafuu, kwa kuwa zilikwisha rudisha gharama zake kwingineko. Kwa nini ahangaike na filamu moja ya Mwafrika?

Hapo ndipo Ouagadougou inapoingia. Mwezi Februari 1969, kikundi cha wapenzi wa sinema katika mji huo, mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikiitwa Upper Volta na ambayo tangu mwaka 1984 inaitwa Burkina Faso, kiliandaa juma la filamu za Kiafrika. Kamati ya maandalizi iliongozwa na mama mmoja, Alimata Salembéré. Nchi tano tu za Kiafrika ndizo zilizokuwa na filamu za kuonyesha. Nchi yenyewe ilikuwa maskini, haina bandari, haina kiwanda cha filamu, haina hata filamu ndefu yake yenyewe. Lakini watu walijaa ukumbini. Na walipomaliza kutazama walikaa wakaulizana: kama watu wanazitaka filamu hizi kiasi hiki, mbona hazionyeshwi siku nyingine za mwaka?

Swali hilo halikukaa muda mrefu bila jibu. Mwaka 1970, kufuatia mzozo juu ya bei ya kiingilio, Serikali ya Upper Volta iliyataifisha majumba ya sinema. Yale makampuni yalikasirika, yakakataa kuipelekea nchi hiyo filamu. Maskini huyo akasimama peke yake na majumba yake yasiyokuwa na kitu cha kuonyesha, mpaka ikabidi mapatano yafanyike. Hata hivyo jambo moja la maana lilibaki. Serikali iliamua kwamba sehemu ya kila kiingilio iwekwe katika mfuko wa kusaidia filamu za nchi. Maana yake, mwananchi aliyelipa kutazama filamu ya mapigano kutoka ng'ambo alikuwa, bila kujua, anachangia filamu ya nyumbani.

Sisemi kwamba mazungumzo ya mwaka 1969 peke yake ndiyo yaliyoleta hayo. Serikali zina sababu zake nyingi. Lakini maneno na uamuzi vilifuatana, na matunda yakaonekana. Mwaka 1982 Gaston Kaboré alitoa filamu ya Wend Kuuni, ambayo mwaka 1985 ilipata tuzo ya César kule Ufaransa. Mwaka 1990 Idrissa Ouédraogo akatoa Tilaï, ikapewa Zawadi Kuu ya majaji kule Cannes, na mwaka 1991 ikashinda farasi wa Yennenga, ambayo ndiyo zawadi kubwa ya tamasha la Ouagadougou. Nchi iliyokuwa haina filamu ikawa mwalimu wa wenzake.

Sasa tutazame upande wa pili, maana historia ya vikao si historia ya ushindi mtupu.

Watengenezaji filamu wa Afrika walianzisha shirikisho lao, FEPACI, mwaka 1970 huko Carthage. Mwaka 1975 walikutana Algiers wakatoa azimio kwamba sinema si bidhaa ya kuuzwa tu, bali ni chombo cha kuelimisha na kuwakomboa watu. Maneno mazuri, na ya kweli. Walidai pia soko la pamoja, kwa sababu nchi moja ndogo haiwezi kurudisha gharama za filamu kwa viingilio vyake pekee. Dai hilo lilisikilizwa. Nchi kumi na nne zinazotumia Kifaransa zilikubaliana kuwa na shirika la kusambaza filamu, CIDC, makao yake yakiwa Ouagadougou. Likaanza kazi mwaka 1979. Hatimaye ufunguo wa mlango wa pili ulikuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe!

Mwaka 1984 shirika hilo lilikuwa limekufa.

Nani aliliua? Ingekuwa rahisi kumtaja mkoloni, na ni kweli kwamba wafanyabiashara wa zamani hawakulipenda. Lakini ukweli unaouma ni kwamba zile serikali zilizotia saini hazikutimiza ahadi zao. Michango haikulipwa ipasavyo. Mtu alisimama Ouagadougou akapigiwa makofi kwa hotuba ya umoja wa Afrika, akarudi kwake, na jumba la sinema la mji wake likaendelea kununua filamu kule kule lilikozoea. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Deni hilo halikulipwa, na aliyepata hasara hakuwa waziri aliyetia saini. Ni mtengenezaji filamu aliyekopa, akauza mali yake, akabaki na mikanda kabatini.

Vijana waliliona jambo hilo mapema. Katika tamasha la mwaka 1981, baadhi yao waliunda kikundi walichokiita Jicho la Kijani. Waliwalaumu wakubwa wao katika shirikisho kwamba wamelala, wanatoa maazimio wakati wenzao hawana hata mahali pa kupata kamera. Wakubwa walichukizwa, lakini lawama iliwaamsha. Mwaka 1982 kule Niamey pakatolewa tamko la namna nyingine kabisa. Halikuimba sana ukombozi. Lilisema kwamba utengenezaji, uagizaji, usambazaji, majumba ya maonyesho na mafunzo ni vitu vinavyokwenda pamoja, na ukishika kimoja ukaacha vingine umeshika hewa. Pia lilitaka fedha za kutengeneza filamu zitoke kwa watazamaji, yaani katika kiingilio, wala si katika kuomba. Mtu akitaka kujua tofauti kati ya hotuba na mpango, alinganishe azimio la Algiers na tamko la Niamey.

Ndugu wasikilizaji, liko swali jingine ambalo vikao hivi viliibua, nalo ni nani anayeruhusiwa kukaa mezani. Mwaka 1991, kabla na wakati wa tamasha la kumi na mbili, iliandaliwa warsha ya wanawake wa Afrika wanaofanya kazi ya filamu na televisheni. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake hao kukutanishwa kwa wingi namna hiyo katika tamasha hilo. Walikuwa na mengi ya kusema, kwa kuwa katika miaka zaidi ya ishirini ya mabishano juu ya ukombozi wa sinema ya Afrika, waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa walikuwa wanaume. Lakini kikao kilipoanza, wanawake ambao si raia wa nchi za Afrika waliombwa watoke. Miongoni mwao walikuwamo wanawake weusi wa Marekani na Ulaya, waliosafiri mbali wakiamini wanakuja nyumbani. Walitoka wakiwa na uchungu mkubwa. Waandaaji nao walikuwa na hoja yao: wanawake wa bara hili walihitaji kwanza nafasi ya kuzungumza shida zao wenyewe kwa wenyewe.

Pande zote mbili zilikuwa na haki fulani, na ndiyo sababu jambo hilo lilikumbukwa kwa muda mrefu. Kutokana na warsha ile wanawake walianzisha umoja wao, nayo ilikuwa faida. Lakini tukio lenyewe linatufundisha kwamba mlango wa chumba cha mazungumzo ni mlango kama ule wa jumba la sinema. Nao una ufunguo, na mwenye ufunguo lazima ajue anamfungia nani na kwa nini. Tena amwambie mapema, si mgeni akiwa amekwisha keti.

Yako pia mazungumzo yasiyokuwa na mwenyekiti. Kwa miaka mingi wageni wa tamasha walikutana katika Hoteli Indépendance, kando ya bwawa la kuogelea. Hapo ndipo mwongozaji kijana aliweza kumsogelea Sembène au Med Hondo wa Mauritania akamuuliza neno bila miadi. Hoteli hiyo ilichomwa moto katika machafuko ya Oktoba 2014, wananchi walipomwondoa Rais Blaise Compaoré. Tamasha lenyewe liliendelea. Mwaka 2025 farasi wa dhahabu alichukuliwa na Dani Kouyaté, Mburkinabe wa kwanza kumpata tangu Kaboré mwaka 1997.

Na sisi huku Mashariki? Tusidhani hadithi hii ni ya watu wa mbali. Tanzania ilikuwa na shirika lake la filamu, Tanzania Film Company, lililoanzishwa mwaka 1968 na kukabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Ufunguo tulikuwa nao. Hata hivyo filamu za hadithi zilizotokana na ufunguo huo ni chache sana. Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985, ilikwenda Ouagadougou ikapata tuzo, lakini ni Watanzania wangapi waliowahi kuiona? Baadaye majumba yetu, kina Avalon, Empire na Odeon, yakaacha kuonyesha filamu. Vijana waliopata umaarufu kwa filamu za kanda na za DVD katika miaka ya 2000 walijikuta wanauza kazi zao moja kwa moja kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa bei waliyopangiwa. Msanii alijulikana nchi nzima, naye hana haki tena juu ya kazi yake. Ni lile lile swali la mwaka 1969, limebadilisha nguo tu.

Tangu mwaka 1998 Zanzibar nayo ina tamasha lake la Nchi za Majahazi, na humo pia watu wamekaa wakazungumza, si Ngome Kongwe tu. Filamu zilipelekwa mpaka vijijini Unguja na Pemba, wananchi wakatazama, kisha wakasema waliyoyaona. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu mtazamaji naye ni mjumbe wa kikao, tena ndiye anayelipa.

Basi tunapoalikwa katika mijadala ya namna hii, na siku hizi mijadala ni mingi, tusiipime kwa ufasaha wa wasemaji wala kwa unene wa maazimio. Tuulize: nani hayumo humu ndani, na nani kasema asiwemo? Baada ya kikao, nani atatoa fedha, kiasi gani, na kutoka mfuko upi? Na filamu ikikamilika, nani mwenye ufunguo wa ukumbi? Upper Volta ilikuwa nchi maskini kuliko nyingi zilizotia saini mikataba mikubwa. Ilifika mbali kwa sababu ilikubali kuchukua senti kidogo katika kila kiingilio na kuziweka mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka.

Kwa leo naishia hapo.