Selsiasi na Farenhaiti: namna ya kubadili vipimo vya joto la oveni

Maelezo ya upishi yaliyoandikwa Marekani mara nyingi huagiza keki iokwe katika nyuzi 350. Msomaji wa Afrika Mashariki anapoitazama oveni yake, aghalabu hukuta namba zinaishia 250. Hilo si kasoro ya oveni. Namba hizo mbili ni za vipimo viwili tofauti: Farenhaiti, kinachotumika Marekani, na Selsiasi, kinachotumika katika nchi nyingi duniani. Nyuzi 350 za Farenhaiti ni takriban nyuzi 177 za Selsiasi, na wapishi huweka 180.

Kuchanganya vipimo hivyo kunaweza kuleta hasara, na pengine maradhi. Anayeiwasha oveni ya Selsiasi hadi mwisho kwa kuifuata namba 350 huunguza keki kwa nje, huku ndani ikibaki mbichi. Anayeweka 180 katika oveni iliyotoka Marekani hupata nyuzi 82 tu za Selsiasi. Katika joto hilo hafifu, kuku hukaa muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, kiwango ambacho bakteria huzaliana kwa haraka.

Asili ya vipimo

Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, alichapisha kipimo chake mwaka 1724. Katika kipimo hicho kama kinavyotumika sasa, maji huganda katika nyuzi 32 na kuchemka katika nyuzi 212. Mwaka 1742, mwanafalaki wa Sweden Anders Celsius alipendekeza kipimo cha sehemu 100. Yeye aliweka sifuri mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda. Mpangilio huo uligeuzwa baadaye ukawa kama unavyojulikana leo.

Hivyo basi, baina ya kuganda na kuchemka kwa maji mna sehemu 180 za Farenhaiti na sehemu 100 za Selsiasi. Hapo ndipo kanuni ya kubadili inapotoka.

Kanuni

Kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi: toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9.

Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32.

Viwango vinavyotumika zaidi jikoni, vikiwa vimekadiriwa, ni hivi:

- Farenhaiti 300: Selsiasi 150
- Farenhaiti 325: Selsiasi 160
- Farenhaiti 350: Selsiasi 180
- Farenhaiti 375: Selsiasi 190
- Farenhaiti 400: Selsiasi 200
- Farenhaiti 425: Selsiasi 220
- Farenhaiti 450: Selsiasi 230

Njia ya mkato

Asiye na kalamu anaweza kuigawa namba ya Farenhaiti kwa mbili. Nyuzi 320 huwa 160 kamili, na 400 huwa 200, ilhali jibu halisi ni 204. Njia hii hufaa kwa joto la oveni pekee. Ile ya kuzidisha Selsiasi kwa mbili na kuongeza 30, inayotumiwa kukadiria hali ya hewa, haifai jikoni: nyuzi 180 zingekuwa 390, ilhali jibu sahihi ni 356.

Tahadhari

Maelezo yanaposema joto lipunguzwe kwa nyuzi 25 za Farenhaiti, kwa mfano kwa oveni yenye feni, 32 haitolewi, kwa kuwa kinachobadilishwa ni tofauti ya joto, si joto lenyewe. Zidisha 25 kwa 5 na kugawanya kwa 9. Jibu ni nyuzi 14 za Selsiasi.

Aidha, joto la oveni si joto la nyama. Mamlaka za chakula za Marekani zinaelekeza kuku afikie nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi, kwenye sehemu nene ya nyama. Nyama ya ng'ombe iliyosagwa inatakiwa kufikia 160, yaani 71 za Selsiasi. Kipimajoto cha kuchoma katika nyama ndicho kinachothibitisha.

Waokaji wa mkate wa kumimina, wanaopalia makaa juu na chini ya sufuria, hawana namba ya kufuata. Huongozwa na harufu, rangi na kijiti kinachochomwa katikati na kutoka kikavu. Mwenye oveni naye huhitaji ujuzi huo, kwa sababu oveni za nyumbani mara nyingi hutofautiana na namba zilizoandikwa juu yake. Hata hivyo, kabla ya kuiwasha, ni vyema atafute herufi C au F kwenye oveni, kisha aitafute pia kwenye maelezo ya upishi.