Sarafu Iliyotangulia PlayStation Matisi



Kama umekulia Matisi, au mtaa wowote wa Kitale na Bungoma, basi kibanda cha gemu unakijua. Televisheni moja, PlayStation moja, benchi, na vijana wanaongoja zamu. Unalipa kwa mchezo. Ukipigwa, inuka, mpishe mwingine! Mzazi akipita huuliza, "Hawa watoto wanafuata nini humu?" Swali zuri. Lakini hebu tuulize na lingine: je, Tekken, hiyo gemu ya ngumi, ilifikaje kwetu?

Gemu za ngumi hazikuzaliwa sebuleni. Zilizaliwa katika kumbi za michezo za Japani na Marekani, ndani ya mashine kubwa kama kabati, za kutia sarafu. Mwenye ukumbi alitaka mchezo uishe haraka ili sarafu nyingine iingie. Ndiyo sababu pambano ni la dakika chache tu. Street Fighter II ya Capcom ilijaza kumbi hizo mwaka 1991, na mwaka 1992 ikaingia majumbani kupitia Super Nintendo.

Hapo ndipo shida ilipo. Mashine ya ukumbini ilikuwa ghali na yenye nguvu. Ya nyumbani ilibidi iwe ya bei ambayo mzazi ataimudu. Kwa hivyo gemu ikihamia nyumbani, kitu kilipunguzwa. Chukua X-Men vs. Street Fighter ya mwaka 1996. Ukumbini ulikuwa na wapiganaji wawili, wakipokezana katikati ya pambano. PlayStation ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 2 tu, na haikuweza kuwabeba wote wanne kwa pamoja. Toleo lake la mwaka 1998 likaondoa kule kupokezana, yaani utamu wenyewe wa gemu!

Kampuni ya Namco ilipita njia nyingine. Mwaka 1994 iliitengeneza Tekken kwa bodi iitwayo System 11, iliyojengwa juu ya teknolojia ya PlayStation yenyewe. Kwa maneno mengine, mashine ya ukumbini na ya nyumbani zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1995 Tekken ilikuwa tayari nyumbani, bila kupoteza mengi. Tekken 3 ya mwaka 1997 ilitumia System 12, iliyokuwa na kasi zaidi. Ilipofika PlayStation mwaka 1998, viwanja vya nyuma viligeuzwa kuwa picha bapa, lakini ngumi na mateke yalibaki yale yale.

PlayStation hiyo ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Mashine iliyosambaa hivyo haikosi njia ya kufika mitaani kwetu. Kabati la sarafu halikuja Matisi, lakini tazama tulichofanya: tulichukua mashine ya nyumbani tukairudishia sarafu yake. Mwenye kibanda alipiga hesabu ile ile ya mwenye ukumbi wa Tokyo. Mchezo mfupi, foleni inasonga, shilingi inaingia. Gemu ilikuwa imeundwa hivyo tangu mwanzo.

Mambo yamegeuka. Tekken 7 iliingia kumbi za Japani mwaka 2015, na nyumbani ikaja 2017. Kwa gemu hiyo, Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, aitwaye QueenArrow, alijulikana kimataifa. Tekken 8 ya mwaka 2024 haikupitia ukumbini kwanza. Ilikwenda moja kwa moja kwa PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Mwenye PlayStation 4 ameachwa nje, sembuse mwenye kibanda cha kale.

Umeona, ndugu yangu? Uamuzi wa chipu unaofanywa Japani ndio unaoamua kijana gani wa Kitale ataketi kwenye benchi na nani atabaki mlangoni. Mwaka 1994 uamuzi huo ulitufungulia mlango, ijapokuwa hakuna aliyekuwa akituwazia sisi.

Nawe mzazi, mwanao akikuuliza kwa nini uwanja wa Tekken 3 ni bapa, usimfukuze. Ameshaanza kusoma kompyuta. Keti naye, kisha mwulize: je, wewe ungechagua chipu gani, na kwa ajili ya nani?