Kutoka Heidelberg hadi Sufuria ya Bia: Historia Fupi ya Moto wa Buluu

Leo naweka msimbo kando nizungumzie moto. Wamarekani wanaopika bia nyumbani wana swali lisiloisha: mbona jiko langu la propani linatoa moto wa manjano na kuipaka sufuria masizi? Jibu huwa "fungua hewa kidogo", basi. Ni jibu sahihi, lakini mimi ni mtu wa programu, sipendi kuambiwa nibonyeze wapi bila kujua kinachotendeka nyuma yake. Nilipofuatilia nikajikuta Ujerumani, mwaka 1855.

Wakati huo mwanakemia Robert Bunsen alikuwa akipata maabara mpya katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, na mji ulikuwa umeanza kusambaziwa gesi ya makaa ya mawe kwa ajili ya taa. Taa ilitakiwa iwake manjano, kwa maana mwanga huo hutoka kwa chembe za kaboni ambazo hazijaungua. Bunsen alitaka kinyume: joto jingi, mwanga kidogo, masizi hakuna. Fundi Peter Desaga akamtengenezea bomba lenye matundu chini, gesi ikipita inavuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Michael Faraday alikuwa ameshajaribu kitu cha kufanana na hicho, lakini cha Heidelberg ndicho kilichoenea. Bunsen hakukichukulia hataza; ungesema ni programu huria ya karne ya 19. Pete ya kuzungusha ili kupanua au kubana matundu ikawa sehemu ya kawaida ya kichomeo hicho, na ndiyo hiyo hiyo iliyo chini ya jiko la mpika bia leo.

Shida huja ukibadilisha gesi. Gesi ile ya makaa ya mawe ilihitaji kama sehemu 4 hadi 5 za hewa kwa sehemu moja ya gesi. Propani, ambayo Walter Snelling aliitambua mwaka 1910 akichunguza petroli iliyokuwa ikigeuka mvuke na kupotea, inahitaji karibu sehemu 24! Kwa hiyo tundu la gesi lazima liwe dogo na hewa iwe nyingi. Kumpa mpishi kichomeo cha gesi moja na mtungi wa nyingine ni kama kuchukua programu ya mashine hii na kuilazimisha kwenye ile bila kuikompaili upya.

Sasa bia inaingiaje? Marufuku ya pombe Marekani iliondolewa 1933, lakini ruhusa ya kupika bia nyumbani ilisahauliwa katika sheria ya taifa. Divai ilikubaliwa, bia ikaachwa. Ni hadi tarehe 14 Oktoba 1978 ndipo Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoiruhusu, galoni 100 kwa mtu mzima kwa mwaka, yaani lita 378 hivi. Mississippi na Alabama zilikubali 2013 tu.

Watu wakaanza kupika lita nyingi, na jiko la jikoni likashindwa. Piga hesabu: lita 25 kutoka nyuzi 20 hadi 100 zataka kilojuli 8,400 hivi. Jiko la kilowati 2.5, ikiwa asilimia 40 ya joto ndiyo inafika kwenye maji, litachukua zaidi ya saa mbili. La kilowati 17 litamaliza kwa dakika 20. Ndiyo maana wakatoka uani na kuazima majiko makubwa ambayo watu wa Louisiana huchemshia kamba wa maji baridi. Haya hutumia regyuleta ya shinikizo kubwa: nyingine hufika milibari 700, ilhali ya jikoni ni 30 hivi.

Hapo una vitu viwili vya kurekebisha, na vinaingiliana. Ukiongeza shinikizo, gesi inazidi na hewa inayovutwa nayo inabadilika. Kanuni ni ile ya kutafuta kosa kwenye msimbo: badilisha kimoja tu. Weka shinikizo utakalopikia, sufuria ikiwa juu na maji ndani, kisha zungusha pete. Ncha za manjano, fungua. Moto ukiruka kutoka kwenye kichomeo na kunguruma, bana. Na kama pete iko wazi kabisa na bado ni manjano, chungulia ndani ya bomba. Buibui hupenda sana kutaga humo na utando wao huziba hewa.

Msichukulie masizi kama shida ya kusugua sufuria tu. Gesi isiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Jiko la kilowati 17 halifai kuingizwa gereji hata moto uwe buluu namna gani, maana linakula hewa ya chumba chenyewe.

Jambo moja la kwetu. Boulder, Colorado, ambako chama cha wapika bia wa Marekani kilianzishwa 1978, uko mita 1,650 hivi juu ya bahari, nasi Nairobi tuko juu zaidi kidogo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo pete iliyokaa sawasawa Mombasa huku juu itataka kufunguliwa zaidi, na maji yatachemka kwenye nyuzi 94 hivi.