Nyongeza ya Ujiji na Dola 2,000 za Marekani

Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, dagaa wakavu huuzwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Mama muuzaji huijaza mpaka dagaa wachomoze juu ya ukingo kama kichuguu, humimina kwenye mfuko wa mteja, kisha mkono wake hurudi kwenye beseni na kuchota konzi moja ya ziada. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja hakuilipia, wala haikuandikwa popote kwamba ni haki yake, lakini isipokuja ataidai: "Mama, mbona hujaniongeza?" Mama atacheka, atalalamika kwamba anatiwa hasara asubuhi asubuhi, na atachota.

Nimeanzia kwenye konzi hiyo kwa makusudi. Siku hizi mazungumzo ya huduma bora kwa wateja huanzia kwingine kabisa: kwenye semina, sare, tabasamu la mapokezi, na bango la "Mteja ni Mfalme" lililobandikwa juu ya kichwa cha mtu asiyekutazama usoni. Konzi ya Kibirizi haikufundishwa kwenye semina yoyote. Inawezekana kwa sababu moja tu: aliyesimama mbele ya mteja ndiye mwenye ruhusa ya kutoa. Hampigii mtu simu. Ukizipima mila za biashara za mataifa mbalimbali kwa kipimo hicho, yaani nani ana ruhusa ya kutoa nini, utaelewa kwa nini biashara fulani husifiwa kwa wafanyakazi wake na nyingine husifiwa kwa jengo tu.

Lakini tusilipambe soko kupita kiasi. Sado hiyo hiyo yaweza kuwa imebonyezwa kitako ili ibebe pungufu. Dagaa walioanikwa mchangani huuzwa wakati mwingine kwa bei ya waliokaushwa juu ya chanja, na mteja hugundua nyumbani, meno yanapokutana na mchanga. Mgeni mwenye lafudhi ya Dar es Salaam hutajiwa bei yake peke yake. Nyongeza yenyewe haigawanywi sawa: jirani hupata konzi ya kujaa, mpita njia hupata ya vidole viwili. Hata hivyo ipo tofauti kubwa kati ya nyongeza na ndugu yake mbaya, lumbesa. Katika lumbesa mnunuzi mkubwa humlazimisha mkulima aliongezee gunia kichwa, kisha hulilipia kama gunia la kawaida, na Wakala wa Vipimo umehangaika na mchezo huo miaka na miaka. Pande zote mbili kuna mzigo wa ziada ambao haukulipiwa. Kinachotofautiana ni nani aliyeamua.

Ujiji wa zamani, mji jirani wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ulijua kumrahisishia mteja mambo. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Februari 1874 alikuta soko lenye fedha yake lenyewe, shanga zilizoitwa sofi. Asubuhi wabadilishaji walikaa sokoni na mifuko ya sofi. Aliyekuja na bidhaa nyingine alibadilisha kwanza, akanunua alichotaka, na soko likifungwa wauzaji walizirudisha zile shanga kwa wabadilishaji na kuchukua walichokihitaji. Imepita takriban miaka 150, na leo mtu anarudi nyumbani bila soda kwa sababu duka halina chenji. (Ujiji ule, tusisahau, uliuza pia pembe za ndovu na binadamu. Wepesi wa kubadilisha fedha haukumsaidia aliyefungwa mnyororo.)

Sasa tutoke ziwani, twende Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua huko duka la nguo liitwalo Echigoya. Desturi ya wakati huo ilikuwa mchuuzi kupeleka vitambaa majumbani kwa wakubwa, bei ikategemea mnunuzi ni nani, malipo yakasubiri miezi, na kitambaa kikauzwa jora zima. Mitsui aliyapindua yote hayo. Bei ikawa moja kwa kila mtu, fedha ikawa taslimu, na aliyetaka kipande alikatiwa kipande. Mtu asiye na cheo aliweza kuingia, akauliza bei, akaambiwa ile ile aliyoambiwa tajiri aliyemtangulia. Duka hilo ndilo lililozaa Mitsukoshi, jina linalojulikana Japani yote hadi leo.

Hapo Kibirizi inashindwa na Edo, na sioni haya kusema hivyo. Bei moja humlinda mgeni, asiye na jirani sokoni wala lugha ya kubembeleza. Kupatana bei ni burudani kwa anayejua mchezo; kwa asiyejua ni kodi. Ila Mitsui alilipa gharama: karani wake alinyang'anywa ruhusa ya kupunguza na kuongeza. Mkono usioweza tena kugusa bei ukageukia mambo mengine, na mpaka sasa anayenunua kitu katika duka kubwa la Kijapani huona bidhaa yake ikifungwa kwa uangalifu unaozidi thamani ya bidhaa yenyewe. Nyongeza haikufa. Ilihama kutoka kwenye kipimo ikaingia kwenye heshima.

Mama wa Kibirizi anachota kutoka beseni lake. Hapo ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu mfanyakazi wa hoteli, wa benki au wa meli anachota kutoka beseni la mtu mwingine. Mwenye mali ana haki ya kuogopa, na historia ya Ujiji yenyewe inampa sababu.

Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji akitokea Nyangwe, mgonjwa, mikono mitupu, akitumaini kukuta shehena aliyotumiwa kutoka Zanzibar. Aliyekabidhiwa dhamana ya shehena hiyo, mtu anayeitwa Sherifu katika shajara zake, alikuwa ameiuza yote na kujinunulia pembe. Kwa maelezo ya Livingstone, kati ya yadi 3,000 za kitambaa cha merikani haikubaki hata moja, wala uzi mmoja wa shanga katika ratili 700. Sherifu alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Msahafu ikamwonyesha mzungu amekufa. Kinachonishangaza kuliko wizi ni adabu. Mtu huyo alikuja kumpa Livingstone mkono bila aibu, akaendelea kuja kumsalimu kila siku, na akiaga alisema anakwenda kusali. Kwa vigezo vya semina zetu, Sherifu angepata alama zote: salamu ipo, unyenyekevu upo, ghala tupu.

Siku hizo hizo mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, Sayyid bin Majid, alimfuata Livingstone faraghani. Hakuwa na deni kwake wala hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alimwambia kwamba hana bidhaa, ila ana pembe; amruhusu auze kiasi, ampe mali itakayopatikana. Livingstone alimshukuru, akaomba asubiri kwanza, na kabla hajalazimika kuikubali akatokea Henry Morton Stanley. Watoto wa shule hufundishwa mkutano wa Stanley na mwembe wake. Mimi ningewafundisha pia Sherifu na bin Majid, mmoja aliyepewa ruhusa isiyo na mpaka juu ya mali ya mwenzake, mwingine aliyejipa ruhusa juu ya mali yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Ujiji zilipotea yadi 3,000.

Wenye hoteli wengi wamelijibu tatizo la Sherifu kwa njia rahisi: mfanyakazi asiruhusiwe kitu. Mgeni anapokuta chandarua kimetoboka saa nne usiku, na mbu wa ufukweni tunawajua, dada wa mapokezi ana ufunguo wa chumba cha jirani kilicho kitupu, lakini hana ruhusa ya kukifungua. "Subiri nimpigie meneja." Meneja hapokei. Mgeni analala na mbu, na asubuhi dada anaandikwa kwenye kitabu cha maoni kwamba ana huduma mbovu. Ubovu wa huduma haukuwa wake. Alinyimwa beseni.

Wamarekani wa hoteli za Ritz-Carlton, kampuni iliyoanza Atlanta mwaka 1983, walilijibu tatizo hilo hilo kwa namba. Kila mfanyakazi, pamoja na anayetandika vitanda, anaruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kurekebisha kosa au kumfurahisha, bila kuomba kibali cha bosi. Haimaanishi kwamba hela hiyo hutolewa kila siku. Mara nyingi kinachotosha ni sahani ya matunda au chumba kingine. Faida ya namba ni kwamba imeweka ukingo wa sado. Sherifu hakuwa na ukingo, na dada wa mapokezi hana sado kabisa. Kampuni hiyo ilitwaa tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige mara mbili, 1992 na 1999.

Wana pia kaulimbiu yao, kwamba wao ni waungwana wanaowahudumia waungwana. Msomaji wa pwani atatabasamu. Katika karne ya 19 wapagazi na askari wa misafara iliyofika Ujiji kutoka Zanzibar walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watu waliokombolewa. Walibeba mizigo ya watu na bado walikataa kuonekana watu wa chini, na wapelelezi wa Kizungu wamejaza vitabu kwa malalamiko kuhusu kiburi chao. Mimi nakiona kiburi hicho kuwa sehemu ya ufundi wao. Mtu aliyeinamishwa hawezi kukuamulia jambo jema, atasubiri kuamriwa.

Ushahidi mkali zaidi uko India. Usiku wa Novemba 26, 2008, hoteli ya Taj Mahal Palace ya Mumbai ilivamiwa na magaidi. Wafanyakazi walijua milango yote ya nyuma na wangeweza kujiokoa. Wengi walibaki na wageni. Katika ukumbi mmoja msimamizi wa karamu, binti wa miaka 24, alifunga milango, akazima taa, akawaweka wageni chini ya meza na kuwapa maji mpaka walipookolewa asubuhi. Wafanyakazi 11 wa hoteli walikufa. Meneja mkuu alipoteza mke na watoto wawili ndani ya jengo, na aliendelea kuongoza uokoaji. Hakuna mwongozo wa kazi ulioamuru hayo. Rohit Deshpandé wa Chuo Kikuu cha Harvard alipochunguza chanzo, alikuta mambo ya kawaida: Taj hutafuta vijana katika miji midogo kuliko miji mikubwa, huangalia heshima yao kwa wazee kabla ya Kiingereza chao, huwafunza miezi 18 pale wengine wanapotosheka na 12, na huwaambia kwamba wao ni mawakili wa mgeni mbele ya kampuni.

Miji midogo! Kigoma, mwisho wa reli, imezoea kutaniwa na watu wa Dar kwamba haijaamka. Kumbe mtoto wa Kiha aliyelelewa kumpigia mkubwa makofi ya heshima anapomwamkia ndiye hasa anayetafutwa na moja ya hoteli maarufu zaidi za India.

Tena ziwa lenyewe lina mfano wake, usio na kaulimbiu. MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuinuliwa na Waingereza 1924, kwa miongo mingi ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilitia nanga usiku wa manane, honi ikalia, mitumbwi ikaja ubavuni, na mabaharia wakapokea kwa mikono magunia, kuku, wagonjwa na vichanga. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana kijiji cha Kagunga, mpakani, kipindupindu kikaanza kuua, na njia pekee ya kutoka iliyofaa watu wengi ilikuwa maji. Shirika la UNHCR lilikodi Liemba. Wakimbizi walipelekwa kwa mashua hadi melini, watu wapatao 600 kwa safari, wakashushwa Kigoma, wakapita uwanja wa Lake Tanganyika kuelekea kambi ya Nyarugusu. Abiria wale hawakulipa nauli wala hawatarudi kuwa wateja wa mtu. Siwezi kuweka mabaharia wa Liemba na wahudumu wa Taj katika mizani moja, hatari ilikuwa tofauti. Lakini kazi ya kumpokea mtoto wa mtu kutoka kwenye mtumbwi unaoyumba ilikwisha kuwa desturi yao kabla dharura haijaja.

Kazi ya nguvu imebaki kwa wenye biashara, si kwa wahudumu. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo itashusha mwisho wa njia wageni wasiojua kupatana bei na wasio na jirani Kibirizi. Kwa hiyo, ndugu mwenye hoteli, mwenye boti ya Gombe, mwenye mgahawa wa migebuka: wageni hao wape bei moja, kama Mitsui. Halafu kabla ya kuagiza bango jipya la mteja na ufalme wake, keti na wafanyakazi wako utaje kiasi. Shilingi 20,000, au 30,000 ukiweza, kwa kila mgeni aliyepatwa na tatizo, zitumike papo hapo bila kukupigia simu na ziandikwe kwenye daftari asubuhi. Kisha mkabidhi dada wa mapokezi funguo zote.