Kipande shingoni: kutoka Kitale hadi Malakisi

Ukiuliza habari za utumwa mjini Kitale utaelekezwa kwenye duara la mawe katika uwanja wa Kitale Club. Wenyeji husimulia kuwa hapo ndipo misafara ilipowafungia mateka. Serikali ya kikoloni ilifuta utumwa kisheria mwaka 1907. Miaka michache baadaye, walowezi walianza kuingia Trans Nzoia, na sheria zikatungwa za kuwapatia vibarua.

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alibeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mwajiri aliandika humo mshahara na tarehe. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuajiriwa kwingine, na akiondoka alisakwa kama mhalifu. Skwota naye, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, kwa sheria ya 1918 alimfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima na kuchunga.

Upande wa Bungoma, aliyekataa waziwazi ni Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuichezea Kenya dhidi ya Uganda. Alipinga kazi za shuruti, akafungwa, kisha 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa madai kuwa ana wazimu. Kwa wakoloni, kumpima akili mpinzani kulikuwa rahisi kuliko kumjibu hoja. Alipotoka, Dini ya Msambwa, harakati ya kidini aliyoiongoza, ikapamba moto. Mwaka 1947 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwatambikia Wabukusu waliouawa na Waingereza 1895.

Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Hakurudi nyumbani hadi 1961.

Uhuru ulipokuja aliendelea kudai ardhi, na serikali ya Waafrika wenzake ikaipiga dini yake marufuku tena mwaka 1968, naye akarudi jela. Mashamba ya Trans Nzoia hayakugawiwa bure: mengine yalichukuliwa na shirika la serikali, ADC, mengine yakauzwa. Skwota waliochangishana na kununua kupitia vyama vya ushirika walilipia udongo ambao wazazi wao waliulima kwa siku 180 kila mwaka.