Fashoda 1898: Kituo kidogo cha Mto Nile kilichotaka kuzipiganisha Uingereza na Ufaransa

Uingereza na Ufaransa ziligombania makoloni kwa zaidi ya miaka 200, kuanzia Canada na visiwa vya Karibi hadi India. Lakini mwaka 1898 nusura zipigane vita kamili kwa sababu ya kituo kidogo kando ya Mto Nile, mahali ambapo raia wengi wa London na Paris hawakuwa wamewahi kupasikia.

Mahali hapo paliitwa Fashoda. Leo panaitwa Kodok, na papo Sudan Kusini.

Kwa nini Fashoda?

Chukua ramani ya Afrika. Wafaransa walitaka makoloni yao yaungane kutoka Dakar magharibi hadi Djibouti mashariki. Waingereza nao walitaka yao yaungane kutoka Cape Town kusini hadi Cairo kaskazini. Ukichora mistari hiyo miwili, lazima ikatane. Inakatana kwenye eneo la Sudan.

Ila jambo kubwa zaidi lilikuwa maji. Waingereza waliikalia Misri tangu 1882, na Misri bila Nile ni jangwa tupu. Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa, Victor Prompt, alieleza jijini Cairo kwamba bwawa likijengwa Nile ya juu, anayelishikilia anaweza kuikausha Misri au kuifurikisha. Wanasiasa wa Paris waliopenda makoloni wakaona hiyo ndiyo njia ya kuwabana Waingereza.

London nayo haikulala. Machi 1895, Edward Grey wa wizara ya mambo ya nje alionya bungeni kwamba Mfaransa akiingia bonde la Nile, Uingereza itahesabu kuwa ni kitendo kisicho cha kirafiki.

Hofu hiyohiyo ya Nile ilichangia Uingereza kuishika Uganda mwaka 1894 na kuanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1897 kikosi cha Macdonald kilitakiwa kupita upande wa Uganda kiwahi Nile ya juu, lakini askari wake wa Kisudani wakaasi na mpango ukavurugika.

Safari ya Marchand

Mwaka 1896 Kapteni Jean-Baptiste Marchand alianza safari kutoka Loango, pwani ya Kongo ya Wafaransa. Alikuwa na maofisa wachache wa Kifaransa na askari wapatao 150 kutoka Afrika Magharibi. Mizigo ilibebwa na maelfu ya wapagazi, na wengi wao hawakwenda kwa hiari yao.

Walipita mito ya Kongo na Ubangi, kisha misitu na vinamasi. Hata meli ya mvuke, Faidherbe, ilifunguliwa vipandevipande, ikavushwa nchi kavu, halafu ikaungwa upya upande wa pili. Tarehe 10 Julai 1898 Marchand alifika Fashoda na kupandisha bendera ya Ufaransa.

Kitchener atokea

Tarehe 2 Septemba 1898, Jenerali Herbert Kitchener alilishinda jeshi la wafuasi wa Mahdi huko Omdurman. Wasudani takriban 10,000 waliuawa. Upande wa Kitchener waliokufa hawakufika 50.

Baada ya hapo akapanda Nile na meli tano za kivita na askari wapatao 1,500. Tarehe 19 Septemba akakutana na Marchand uso kwa uso.

Kitchener alikuwa anajua Kifaransa, na alikuja na sare za jeshi la Misri ili isionekane kuwa ni Mwingereza moja kwa moja. Marchand akagoma kuondoka bila amri ya Paris. Basi wakakubaliana bendera ya Ufaransa ibaki, ya Misri ipandishwe upande wa kusini, na wakubwa wao wa Ulaya wakaamue.

Na risasi zingelia, nani angekufa? Askari wengi wa Marchand walikuwa Waafrika wa Afrika Magharibi. Wengi wa Kitchener walikuwa Wasudani.

Paris yarudi nyuma

Kwa wiki kadhaa magazeti ya nchi zote mbili yalipiga kelele za vita, na manowari za Uingereza zikawekwa tayari. Waziri Mkuu Salisbury hakutaka kulegeza.

Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Théophile Delcassé, alijua hali halisi. Jeshi lake la majini lilikuwa dhaifu kwa Uingereza, nchi yake ilikuwa imegawanyika kwa kesi ya Dreyfus, na hasimu wake mkubwa alikuwa Ujerumani. Mwanzoni mwa Novemba Ufaransa ikakubali kuondoka. Desemba, Marchand alishusha bendera na kurudi kwao kupitia Ethiopia na Djibouti.

Wenyeji hawakuulizwa

Fashoda ilikuwa nchi ya Washilluk, wenye ufalme wao na mfalme anayeitwa Reth. Marchand alidai ameandikiana naye mkataba wa ulinzi. Kitchener aliripoti kuwa mfalme huyo alikana. Kila upande ulimtumia Reth kama ushahidi wake, lakini kwenye mazungumzo ya London na Paris hakukuwa na kiti chake.

Kilichobaki

Machi 1899 nchi hizo mbili ziligawana eneo kwa kufuata mwinuko unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo. Mpaka wa leo kati ya Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati unafuata mwinuko huohuo.

Aprili 1904 mahasimu hao wakatia saini mapatano: Uingereza iachiwe Misri, Ufaransa iachiwe nafasi Morocco. Mwaka huohuo jina la Fashoda likabadilishwa kuwa Kodok, ili Wafaransa wasikumbushwe aibu. Miaka kumi baadaye, majeshi yao yalipigana bega kwa bega dhidi ya Ujerumani.

Washilluk wao wakabaki chini ya utawala wa Uingereza na Misri hadi Sudan ilipopata uhuru mwaka 1956.